Gari la Mkononi: Likute Limelala

Mdogo wangu ni nesi. Mwaka 2019 kikoba chao kilipovunjwa alichukua mgao wake, akaongezea mkopo wa kazini, akanunua Toyota IST mkononi mwa mtu. Mimi ni fundi, gereji yangu iko Tabata, lakini wiki ile nilikuwa Songea msibani, na dalali alishamwambia kuna mteja mwingine anakuja jioni na hela taslimu. Akaenda kulikagua saa nane mchana. Gari limeoshwa linang'aa, injini ina moto tayari, likawaka mara moja. Dalali akamwambia: "Dada, gari ya mama mmoja hivi, injini haijaguswa, ni kuwasha na kuondoka." Wiki ya tatu likachemka karibu na Chalinze, yeye na wanawe wawili wakakaa pembeni ya barabara hadi magharibi. Nilipolifungua nilikuta themostati, ile valvu inayodhibiti joto la injini, imetolewa, silinda hedi imepinda, na kwenye rejeta yamejazwa maji ya bomba yenye rangi ya kutu.

Ubovu ule ungeonekana ndani ya dakika tano kama angelikuta gari limelala. Ndiyo maana mtu akiniomba nimsindikize kukagua gari, sharti langu la kwanza ni hilo: twende asubuhi, mwenyewe hajaliwasha. Injini yenye moto inaficha mengi.

Lakini kabla ya kuamka alfajiri kwa ajili ya gari la mtu, maliza karatasi. Injini mbovu nitakutengenezea, kadi mbovu siiwezi. Omba picha ya kadi ya gari na ya kitambulisho cha NIDA cha anayeuza, usiku mmoja kabla. Majina yalingane. Hapa mjini kuna magari yameshapita mikono mitatu na kadi bado ina jina la mtu wa kwanza, kila mmoja alimkabidhi mwenzake kadi pamoja na mkataba wa karatasi moja. Ukiingia kwenye mnyororo huo, siku ya kuhamisha umiliki TRA, mamlaka ya mapato, utaanza kumsaka mtu ambaye hata muuzaji wako hamjui. Akiwa amefariki, wa kukuuzia ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Mtoto mkubwa aliyeshika ufunguo hana mamlaka hayo, hata kama ukoo mzima unamtambua.

Ukiambiwa kadi "iko kwa kaka" au "iko mahali, ukilipa inatoka", elewa kwamba huenda imewekwa dhamana ya mkopo. Mkopo huo ulipwe kwanza, kadi uishike mkononi, ndipo mzungumze bei. Na muuzaji mkweli hakatai kwenda nawe TRA kuhakikisha kwamba jina, namba ya chesisi, namba ya injini na rangi ni vile vile kwenye rekodi zao.

Madeni madogo unayaangalia mwenyewe kwa simu. Faini za trafiki zinaonekana kwenye mfumo wa polisi kwa kuandika namba ya gari, ushuru wa maegesho uko kwenye mfumo wa TARURA, wakala wa barabara, na stika ya bima inahakikiwa kwenye mfumo wa TIRA, wasimamizi wa bima. Madeni hayo yanaifuata namba ya gari, kwa hiyo usipoangalia utayarithi.

Halafu hili la "namba D", "namba E". Watu wanalipa zaidi kwa herufi ya kwenye kibao cha namba. Herufi inakuambia gari lilisajiliwa lini hapa nchini, umri wake ni jambo jingine. IST ya toleo la kwanza ilitengenezwa kati ya 2002 na 2007, hata ikibeba namba ya juzi. Vuta mkanda wa kiti hadi mwisho, tazama lebo iliyoshonwa chini. Magari mengi ya Japani yameandikwa pale tarehe mkanda ulipotengenezwa, na gari haliwezi kuwa jipya sana kuliko mkanda wake. Mkanda mpya kwenye gari la zamani nao una habari yake: uliza kwa nini ulibadilishwa.

Sasa asubuhi yenyewe. Beba tochi, kitambaa cheupe, sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa, na kipande cha boksi. Ukifika, kabla ya salamu kuisha, weka kiganja juu ya boneti. Likiwa la vuguvugu, omba kwa heshima siku nyingine. Nimeshaondoka hivyo mara nyingi na sijajutia hata moja.

Likiwa baridi kweli, fungua mfuniko wa rejeta. (Usithubutu kuufungua injini ikiwa na moto, maji yatakurukia usoni.) Unataka kuona kimiminika chenye rangi safi, kijani au chekundu, kimejaa hadi juu. Maji ya kutu ni dalili kwamba mwenyewe anajazia bomba. Mafuta yanayoelea ni mabaya zaidi. Hamia kwenye mfuniko wa oili, ugeuze, upanguse kwa kile kitambaa cheupe. Oili nyeusi si kosa. Ukikuta utando mzito kama uji wa ulezi uliotiwa maziwa, na kwenye stiki ya oili upo vilevile, maji na oili vimekutana. Funga boneti, mshukuru mwenyewe, nenda kazini.

Ukiridhika, acha mfuniko wa rejeta wazi, mwambie mwenye gari awashe huku wewe umeinama hapo mbele. Sekunde chache za kwanza ndizo ulizofuata. Injini za IST, 2NZ na 1NZ, zinatumia cheni ya taimingi, na cheni iliyolegea inachakarisha pale inapowashwa baridi, halafu inanyamaza oili ikishapanda. Saa nane mchana husikii kitu. Tazama maji ndani ya rejeta: mapovu mawili matatu ni hewa inatoka, lakini yakiendelea kuchemka kama chungu wakati injini bado baridi, moto wa silinda unapenya kwenye gasketi. Mtu mwingine akae nyuma aangalie moshi. Mvuke mwepesi wa asubuhi unaokwisha ni wa kawaida, mweupe mzito usiokwisha ni maji yanaungua, wa bluu ni oili, mweusi ni petroli nyingi. Rudishia mfuniko, sukuma boksi chini ya injini, liache lingurume.

Hapo ndipo themostati iliyotolewa inapojitaja. Magari mengi madogo ya Toyota hayana mshale wa joto, yana taa ya bluu inayozimika injini ikipata moto. Kwa joto letu la Dar, taa hiyo haitakiwi kukaa muda mrefu. Ikikaa robo saa, au ikizimika kisha ikarudi mkiwa barabarani, huenda kuna aliyeitoa themostati ili gari lisichemke mbele ya mnunuzi. Subiri pia hadi feni iwake na kuzima yenyewe. Usiondoke kabla haijafanya hivyo.

Feni ikishazima, ingia ndani. Zima, washa swichi tu bila kupiga stata. Taa ya injini na ya eabegi lazima ziwake, kisha ya eabegi ijizime. Isiyowaka kabisa imeng'olewa balbu au imezibwa. Angalia na saa ya redio: kama inasoma 1:00 na redio haina stesheni hata moja iliyohifadhiwa, betri imetolewa karibuni, na kwenye gari nyingi hapo kumbukumbu za makosa zinafutika. Ukimleta fundi na mashine ya kupima siku hiyo atakuta kusafi.

Kilomita za kwenye dashibodi mimi siziamini hadi nizikute mahali pengine. Mwaka jana mteja alileta Toyota Raum inayosoma kilomita 96,000. Kwenye nguzo ya mlango wa dereva, chini kabisa, kulikuwa na stika ndogo ya gereji ya Japani, wino umefifia. Stika hizo huandikwa siku ya kubadili oili, na mwaka wao huhesabiwa kwa zama za wafalme wao: mwaka wa kwanza wa zama ya Heisei ni 1989. Ile ilisomeka mwaka 24, yaani 2012, na kilomita 118,000. Gari lilikuwa limerudi nyuma kilomita elfu ishirini na mbili kwa miaka yote hiyo ya kutembea. Wanaorudisha kilomita wanasahau stika, na wanasahau raba ya pedali ya breki iliyokwisha upande mmoja.

Bodi nitaisema kwa kifupi. Pitisha sumaku milangoni na kwenye mafenda, isiposhika kuna pati nene ya kuzibia mabonde chini ya rangi, isipokuwa kwenye bampa ambazo ni plastiki. Tazama vichwa vya bolti za fenda na bawaba za boneti, bolti iliyochubuliwa na spana imefunguliwa. Kibati cha Toyota kwenye chumba cha injini kina namba ya chesisi na namba ya rangi. 040 ni nyeupe, 202 ni nyeusi. Kikisema 040 na gari mbele yako ni jeusi, uliza. Namba ya chesisi iliyogongwa kwenye chuma isome herufi kwa herufi na uipapase kwa kidole. Penye dalili ya kuchomelewa pembeni yake usinunue, kwa bei yoyote.

Kwa sisi wa Dar kuna magari yaliyolala kwenye maji ya mafuriko, Jangwani na kote linakopita bonde la Msimbazi. Yanakaushwa, yanapuliziwa manukato, yanauzwa. Ule mkanda uliouvuta, angalia kama una mstari wa tope. Nyanyua zulia la buti uone shimo la tairi la akiba, angalia kutu kwenye bolti chini ya viti. Harufu ya manukato ikikupiga mlango unapofunguliwa, piga magoti unuse zulia.

Barabarani zima redio, washa AC. Weka D ukiwa umekanyaga breki: likichelewa kushika au likipiga kishindo, geaboksi imechoka. Kata kona kali polepole, sikiliza jointi za shafti kama zinalia tik tik. Panda tuta uzisikie bushi. Kama muuzaji anataka kuendesha yeye muda wote, kuna kitu anakijua. Mkirudi, vuta lile boksi uone lilichodondokewa.

Mdogo wangu alinunua lingine mwaka 2022, safari hii tukiwa wote. Tuliyakataa sita. La saba tulilikuta Ukonga saa kumi na mbili na nusu, umande bado uko kwenye kioo, boneti baridi kama jiwe. Mwenyewe, mwalimu mstaafu, alileta daftari la shule aliloandika kila oili aliyobadili, tarehe na kilomita. Boksi lilikuwa na matone mawili ya oili, sili imechoka. Nilimwonyesha, akainama akayaona, akatupunguzia laki tatu. Saa nne tulikuwa TRA na kadi mkononi.