Mambo ya kuzingatia kabla ya kuridhia utafiti wa kuondoa bonge la damu mguuni

Ateri ya mguu, yaani mshipa unaoupelekea damu, ikiziba ghafla, fomu ya ridhaa ya kushiriki utafiti huletwa kando ya kitanda, mgonjwa akiugulia na ndugu wakiwa wamechanganyikiwa. Basi yanayohitaji kutafakariwa yatafakariwe mapema, hasa kama nyumbani kuna mtu ambaye moyo wake hupiga bila mpangilio au mishipa yake ya miguu iliwahi kuziba.

Jueni saa. Lini mguu ulianza kuuma, kupauka, kupoa, kufa ganzi? Misuli huanza kuharibika takriban saa 6 baada ya kukosa damu, na tafiti nyingi hupokea tu wenye dalili zisizozidi siku 14. Mpaka huo haukuokotwa: katika utafiti wa STILE, uliochapishwa mwaka 1994, waliowahi ndani ya siku 14 walikatwa miguu mara chache zaidi walipopewa dawa ya kuyeyusha bonge, ilhali waliochelewa walifaidika zaidi na upasuaji. Jibu la "tangu juzi juzi" halimsaidii mtu. Na kama vidole havichezi tena, msipoteze muda kujadili fomu. Ulizeni kwanza chumba cha upasuaji kiko tayari lini.

Orodha ya dawa iandikwe na iwekwe karibu: warfarini (ya kuzuia damu kuganda), aspirini, hata za mitishamba. Tajeni pia kiharusi, vidonda vya tumbo na upasuaji wa karibuni. Dawa ya kuyeyusha bonge haichagui pa kuyeyusha. Katika utafiti wa TOPAS wa mwaka 1998, asilimia 1.6 ya waliopewa dawa hiyo walivuja damu kichwani. Mwenye ugonjwa wa figo au anayemeza metformini, dawa ya kisukari, aseme kabla ya kuchomwa rangi ya kupigia picha mishipa.

Swali ambalo watu hulisahau, nami naliona kubwa kuliko yote: kifaa cha kutolea bonge kinachojaribiwa katika utafiti kinalinganishwa na nini? Katheta (mrija mwembamba) yenye puto ya daktari Thomas Fogarty, iliyotangazwa mwaka 1963, bado inavuta mabonge hadi leo. Mirija mipya ya kufyonza ina matokeo ya kuvutia. Katika utafiti wa mirija hiyo uitwao STRIDE, wenye wagonjwa 119, asilimia 98.2 walikuwa bado na mguu wao baada ya siku 30. Lakini hakukuwa na kundi la kulinganisha, kwa hiyo tarakimu hiyo haisemi kama puto ingefanya vibaya zaidi. Ulizeni kama kuna kura ya kupanga nani atapata kifaa kipi, na bonge likigoma kutoka, nani atapasua, saa ngapi, kwa gharama ya nani.

Damu ikirudi, mguu unaweza kuvimba hadi ngozi ikalazimika kupasuliwa ili kupunguza shinikizo. Someni kama fomu imelitaja hilo, na mkubaliane nani atatia saini iwapo mgonjwa hataweza kusema.