Kabla hujaamua jambo linalokutia hofu: mambo ya kuzingatia

Wengi wetu tukiogopa jambo tunasema "sina amani" afu tunafunga mjadala hapohapo, utadhani hofu ndo jibu la Mungu. Umepata kazi Dodoma na wewe umezaliwa na kukulia Mbeya, au unataka kuacha ajira ufungue duka lako, tumbo linakuvuruga, usiku hulali, basi unahitimisha Mungu amekataa. Hapana jamani. Pitia haya kwanza.

Jambo la kwanza, ijue hofu yenyewe. Chukua daftari uandike unaogopa nini hasa, usiandike "naogopa maisha", andika kabisa: kodi ya miezi sita nitaitoa wapi, mama akiugua nani atakuwa naye, nikifeli watu wa kanisani watasemaje. Afu soma taratibu. Utakuta hofu nyingine ina akili tu, hiyo ya kodi inataka hesabu, na Yesu mwenyewe kwenye Luka 14:28 anaongelea mtu anayeketi kuhesabu gharama kabla hajajenga mnara. Ya mama inataka kikao na ndugu zako. Ila ile ya watu watasemaje haina hesabu wala kikao, hiyo ipeleke magotini. Sio kila hofu ni ya kukemea.

Halafu omba, na uombe kwa muda. Hapa nampenda sana Nehemia, Myahudi aliyekuwa mnyweshaji wa mfalme wa Uajemi. Habari kwamba kuta za Yerusalemu zimebomoka alizipata mwezi wa Kisleu kwenye kalenda ya Kiyahudi, akalia, akafunga, akaomba, na siku anaongea na mfalme Artashasta ilikuwa mwezi wa Nisani, yaani kama miezi minne imepita. Na bado mfalme alipomuuliza mbona uso una huzuni, Biblia inasema aliogopa sana! Maombi ya miezi yote ile na hofu ipo palepale, lakini akamwomba Mungu hapohapo akafungua mdomo, na alijua anachotaka: muda wa safari, barua kwa maliwali, yaani magavana, barua kwa Asafu mtunza msitu wa mfalme ili apewe miti. Inaonekana wazi alikuwa anaomba huku anapanga. Akafika Yerusalemu akakaa siku 3, akatoka usiku na watu wachache akakagua kuta kwa macho yake kabla hajawaambia wakubwa wa mji. Kwahiyo na wewe kama ni duka nenda kasimame eneo hilo asubuhi na jioni uone watu wanaopita, kama ni kazi ya mbali hakikisha ofisi ipo kweli, mkataba usome mpaka ukurasa wa mwisho. Kukagua sio kukosa imani.

Sasa hapa kwenye mafunuo naomba tuwe makini sana, maana ndo watu wengi wanaumizwa. Soma Nehemia sura ya 6. Mtu anaitwa Shemaya anamwambia Nehemia twende tujifungie hekaluni, wanakuja kukuua usiku. Ukisikia juujuu ni unabii kabisa, lakini Nehemia akatambua Mungu hakumtuma huyu, Tobia na Sanbalati, maadui waliopinga ujenzi wa kuta, walimlipa ili amtie hofu atende dhambi. Basi ukiletewa ujumbe jiulize, unakubaliana na Neno? Aliyeuleta anafaidika nini? Unaniacha na nguvu ya kutii au unaniacha natetemeka na kumtegemea yeye? Mtu akikwambia usipotoa laki mbili leo utapata ajali njiani, ndugu yangu toka hapo. Mungu anaonya, ndiyo, ila onyo lake haliuzwi. 2 Timotheo 1:7 inasema hakutupa roho ya woga, bali ya nguvu na ya upendo na ya moyo wa kiasi, na huo moyo wa kiasi tunausahau sana.

Ishara kama ile ya Gideoni, aliyemwomba Mungu alowanishe ngozi ya kondoo kwa umande, usizikimbilie, yeye alishaambiwa la kufanya kabla hajaomba ishara. Mimi kinachonigusa zaidi ni Waamuzi 7, Mungu anamwambia Gideoni kama unaogopa kushuka kambini kwa maadui, shuka na Pura mtumishi wako. Hakumgombeza, alimpa mtu wa kwenda naye. Tafuta Pura wako, mtu mzima kiimani anayeweza kukwambia hapana na msikosane. Hata Paulo alipoona maono ya mtu wa Makedonia, Matendo 16:10 inaonyesha wenzake nao walitafuta kwenda huko, hawakumwachia peke yake.

Na ukishaamua kuondoka, ulizia mapema kanisa la huko na mtu wa kukupokea. Paulo anakiri aliingia Korintho na hofu na kutetemeka kwingi, ila alipata nyumba ya Akila na Prisila, wakawa wanashona hema pamoja, na Bwana akamwambia usiku usiogope. Alikaa huko mwaka mmoja na miezi sita. Kwahiyo hizo namba za simu zitafute kabla hujakata tiketi.