Kuipata M77 bila kusukuma darubini

Hapa Nanyuki tunaishi juu ya ikweta, na galaksi ya M77 imekaa karibu kabisa kwenye ikweta ya anga, kwa hiyo inapita utosini. Hapo ndipo iliponitesa mwanzoni. Darubini ya Dobson, ile inayogeuzwa kwa kusukumwa kwa mkono, ikiwa wima haigeuki vizuri. Ukiisukuma kidogo tu, inaruka. Nilipoteza usiku tatu nikisukuma.

Subiri katikati ya Januari, mwezi ukiwa haupo. Saa tatu usiku M77 imeshainama kuelekea magharibi. Jifunike leso kichwani kuzuia taa za majirani, kaa gizani nusu saa, halafu utafute Kilimia. Nyosha mkono, pima shubiri moja na kidogo kwenda kusini, ukikengeukia magharibi: hapo yupo Menkar, nyota ya kichwa cha kundi la nyota liitwalo Nyangumi. Vidole vitatu magharibi yake ipo nyota Gama, na vidole viwili kusini ya Gama ipo nyota Delta, iliyo hafifu zaidi.

Mimi natumia darubini yenye kioo cha inchi 8 na lenzi ya kutazamia ya milimita 25. Weka Delta katikati, kisha ondoa mikono kabisa. Dunia ikizunguka itakufanyia kazi. Delta itaelea hadi ukingoni, itoke baada ya dakika mbili hivi. Nyuma yake, karibu na katikati, inapita NGC 1055, galaksi tunayoiona kwa ubavu: mstari hafifu sana, na usiku wenye vumbi huwa siioni. Dakika ya tatu ikitimia, upande wa kusini utaona ukungu mdogo wa duara wenye nukta kali katikati. Ndiyo M77.

Sasa weka lenzi ya milimita 10. Kando ya ukungu kuna nyota ndogo. Hiyo ni ya galaksi yetu, usidhani ndiyo kiini. Tazama pembeni kidogo, ukungu utapanuka. Mikono ya galaksi iliyojisokota usiitegemee kwa kioo cha inchi 8.

Ile nukta ndiyo inayonitoa nyumbani kwenye baridi. Mwaka 1943 Carl Seyfert aliiweka M77 kati ya galaksi zenye viini ving'avu kupita kawaida, na leo zinaitwa kwa jina lake. Ndani mna shimo jeusi lenye uzito wa Jua mara milioni kadhaa, limefichwa na vumbi zito. Gesi inayoliangukia hupata joto kali na kuwaka. Mwaka 2022 watafiti wa IceCube, mtambo uliozikwa kwenye barafu ya Ncha ya Kusini, walitangaza nyutrino 79 hivi, chembe ndogo mno zinazopenya karibu kila kitu, zilizotoka upande huo. Zilipenya lile vumbi ambalo mwanga haupenyi.

Ikitoka ukingoni, irudie Delta uanze upya. Mimi huiacha ipite mara tano, sita, ndipo nafunika kioo.