Wajue Nyigu wa Viota vya Karatasi Kabla Hujabomoa Makazi Yao

Mkulima anayeona nyigu wakubwa wakizungukazunguka juu ya mboga zake mara nyingi huwaza jambo moja tu, nalo ni kukitafuta kiota akichome moto. Hofu hiyo ina msingi, kwa kuwa nyigu huuma vibaya. Hata hivyo, mdudu huyo huenda amefuata viwavi wanaotoboa kabichi na mahindi, na kumwangamiza kabla ya kumtambua ni kujipunguzia msaada shambani.

Nyigu wa viota vya karatasi, ambao wengi wao wamo katika jenasi ya Polistes yenye spishi zaidi ya 200, wana mwili mrefu, kiuno chembamba sana na mabawa ambayo hukunjwa kwa urefu wanapotua. Hawana manyoya mengi kama nyuki. Rangi zao hutofautiana, kuanzia kahawia iliyokoza hadi nyeusi yenye mistari ya manjano, kwa hiyo usitegemee rangi peke yake. Watazame wanaporuka: miguu yao mirefu ya nyuma huning'inia chini ya mwili, na mwendo wao ni wa pole kuliko wa nyuki.

Kitambulisho cha uhakika zaidi ni kiota. Hicho ni sega moja la kijivu, lenye vyumba vya pembe sita vinavyotazama chini, ambalo hushikiliwa na kikonyo kimoja chembamba chini ya paa, tawi au jani pana. Halina ganda la nje, na hapo ndipo linapotofautiana na viota vya mavu, ambavyo hufunikwa pande zote. Ukisimama kimya karibu na nguzo kuukuu ya uzio unaweza kumwona nyigu akirudi kinyumenyume huku akikwangua mti kwa taya, na akiondoka huacha mchirizi mweupe. Nyuzi hizo huzitafuna na kuzichanganya na mate mpaka zinakuwa karatasi. Kikonyo nacho hupakwa majimaji yanayofukuza sisimizi, ambao ni maadui wakubwa wa mabuu.

Manufaa ya nyigu huyu bustanini yanatokana na malezi ya mabuu hao. Nyigu mkubwa mwenyewe hunywa nekta na vimiminika vingine vitamu, lakini mabuu huhitaji nyama. Kwa sababu hiyo hutembea juu ya jani akiligusagusa kwa vipapasio vya kichwani, na akimkuta kiwavi humng'ata, humtafuna akamfanya donge, kisha hulibeba hadi kiotani na kuligawa chumba kwa chumba. Utafiti uliofanyika Brazili na kuchapishwa mwaka 2019 ulionyesha kwamba nyigu wa jamii hii walipunguza viwavijeshi vamizi kwenye mahindi na viwavi wanaotoboa miwa.

Msaada huo una mipaka. Nyigu hachagui, hivyo hula pia viwavi wa vipepeo wasio na madhara, na matunda yaliyoiva yakipasuka huja kunyonya maji yake. Aidha, kiwavi aliyekwisha kujichimbia ndani ya shina si rahisi kumfikia. Kwa hiyo ukaguzi wa mazao uendelee kama kawaida.

Ukilazimika kudhibiti viwavi, epuka viuatilifu vinavyoua wadudu wa kila aina. Bidhaa zenye bakteria wa Bacillus thuringiensis zinafaa zaidi, kwa kuwa humdhuru kiwavi anayekula jani lililopuliziwa na kumwacha nyigu salama. Kupulizia dawa kali jioni, nyigu wakiwa kiotani, hupunguza vifo vya papo hapo, ingawa mabaki ya sumu huendelea kubaki kwenye majani. Acha pia giligilani au shamari chache zichanue, kwa sababu maua yao madogo yaliyo wazi humfaa nyigu, ambaye ulimi wake ni mfupi.

Kuhusu kiota, kwa maoni yangu uamuzi utegemee mahali kilipo. Kilicho mbali na njia kiachwe. Kilicho juu ya mlango, kwenye mpini wa lango au mahali watoto wanapocheza kiondolewe mapema, kikiwa bado na vyumba vichache na mama mmoja, kwa kukiangusha kwa fimbo ndefu wakati ameondoka. Kisha rudi ukague, maana anaweza kuanza upya papo hapo. Kilichokwisha kujaa nyigu aitwe mtu mwenye ujuzi na mavazi ya kinga, na moto au petroli visitumike kamwe.

Mwiba wa nyigu haubaki kwenye ngozi, hivyo jike mmoja anaweza kuuma mara kadhaa. Aliyeumwa aondoke karibu na kiota, aoshe jeraha kwa sabuni na kuweka kitu cha baridi. Akianza kuvimba uso au koo, kuhema kwa shida au kuzimia, apelekwe hospitali mara moja.