Kipima mwanga cha mkononi au cha kamera: utumie kipi, lini?

Kipima mwanga kilicho ndani ya kamera husoma mwanga unaorudi kutoka kwenye kitu unachopiga. Cha mkononi, chenye kuba nyeupe, husoma mwanga unaokiangukia kitu hicho. Kamera haijui kama mbele yake kuna gauni jeupe au koti jeusi. Hudhani vyote ni kijivu cha kati. Ukiifuata tu, gauni litatoka la kijivu na koti nalo litageuka kijivu.

1. Tazama kama unaweza kufika alipo unayempiga. Ukiweza kusimama pale, au penye mwanga uleule, cha mkononi kinafaa. Mlima unawaka jua na wewe uko kivulini? Tumia kamera. Machweo na taa za usiku pia ni kazi ya kamera, maana hapo unapiga chanzo chenyewe cha mwanga.

2. Kama ni flashi za studio, chukua cha mkononi bila kubishana. Flashi inayowasiliana na kamera yenyewe ni habari nyingine, lakini zile unazozirekebisha kwa mkono kamera haiwezi kukupimia. Weka kipima kwenye hali ya flashi, kipe ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) na kasi ya shata, tuseme 1/125 ya sekunde. Kishike karibu na kidevu cha unayempiga, kuba ikielekea kamera, na usikitie kivuli chako. Washa flashi, usome f, yaani ukubwa wa tundu la lenzi utakaouweka.

Utamu uko kwenye kupima taa moja moja. Zima nyingine zote, ingiza kuba ndani kama kipima chako kinaruhusu, kisha kielekeze kwenye taa yenyewe. Taa kuu ikisoma f/8 na ya kujazia vivuli f/5.6, zimepishana stopu moja, yaani kuu ina nguvu maradufu. Vivuli vya uso vitakuwa laini. Ukitaka uso wenye ukali zaidi, punguza ya kujazia hadi f/4 au f/2.8. Kukisia haya kwa kutazama kioo cha kamera kunawezekana, ila kesho hutaweza kuyarudia sawasawa.

3. Ukibaki na kamera, irekebishe. Pima sehemu ndogo kwa kipimo cha doa. Ikiwa ni nyeupe, ongeza stopu moja hadi mbili. Ikiwa nyeusi, punguza kiasi hichohicho. Kisha angalia histogramu, ile grafu ya mwanga wa picha: ikibanana ukutani upande wa kulia, weupe umeungua, yaani hauonyeshi tena chochote ndani yake.

4. Kumbuka kilicho mbele ya lenzi. Kamera hupima kupitia lenzi, kwa hiyo filta imeshahesabiwa. Cha mkononi hakiioni. Filta ya ND (ya kupunguza mwanga) ya stopu tatu inataka mwanga mara 8, hivyo 1/125 iwe 1/15. Kwa picha za vitu vidogo zenye ukubwa wa 1:1 (kitu kikitua kwenye sensa kwa ukubwa wake halisi), lenzi nyingi hupoteza kama stopu mbili. Mimi hapo kipima cha mkononi hukiacha begini.

Kwa anayepiga nje tu, kwa mwanga wa jua, sioni haraka ya kukinunua.