Kompyuta pepe 20 kwenye seva moja: zisimamie bila kuzunguka meza kwa meza

Tuchukue ofisi ya wakala wa forodha karibu na bandari ya Kilindini: makarani 20, seva moja ya Proxmox VE (mfumo wa kuendesha kompyuta pepe, yaani kompyuta za programu tupu zinazoishi ndani ya seva), na mezani visanduku vidogo tu vya kuunganishia skrini na kibodi.

1. Hesabu kwanza. RAM ya GB 4 kwa kila karani ni GB 80. Ongeza 16 za seva yenyewe, jumla 96. Prosesa haisumbui sana. Diski ndiyo inayoangusha ofisi nyingi, basi weka SSD (diski isiyo na sehemu inayozunguka). Kwa diski za kuzunguka, saa mbili asubuhi wote wakiingia, hata kipanya hakisogei.

2. Tayarisha mashine mama, namba 100: Windows, draiva za VirtIO (za diski na mtandao wa kompyuta pepe), programu za ofisi, masasisho yote. Izime, kisha kwenye seva andika `qm clone 100 101 --full`, upate nakala kamili yenye namba 101. Mama abaki hivyo hivyo kwa masasisho ya mwezi ujao. Ndani ya 101 endesha `sysprep /generalize /oobe /shutdown`, ifute utambulisho wa Windows ili kila nakala ipate wake. Wengi hukwama hapa. Ikigoma, fungua setupact.log kwenye folda ya Sysprep\Panther. Mara nyingi kosa ni programu ya Microsoft Store iliyowekwa kwa mtumiaji mmoja tu. Iondoe, rudia.

3. Geuza 101 kuwa kiolezo kwa `qm template 101`, halafu `qm clone 101 201 --name karani01`, hivyo hivyo hadi 220. Hizi ni nakala tegemezi: huandika tu kilicho tofauti na kiolezo, ndiyo maana hutoka kwa sekunde chache. Zinataka hifadhi ya aina kama LVM-thin, ZFS au faili za qcow2. LVM ya kawaida itakataa.

4. Ukitumia LVM-thin, kila wiki andika `lvs` kwenye seva na utazame safu ya Data%, yaani asilimia ya nafasi iliyojaa. Ikivuka 80, ongeza diski. Ikifika 100, mashine zote husimama pamoja. Washa Discard pia kwenye mipangilio ya diski za mashine, la sivyo nafasi ya mafaili yaliyofutwa hairudi.

5. Seva ikiwaka, mashine ziamke kwa zamu: `qm set 201 --onboot 1 --startup order=2,up=30`, hivyo hivyo hadi 220. Sekunde 30 mara 20 ni dakika 10.

6. Kila karani hula anwani mbili za IP, ya kisanduku na ya mashine yake, basi panua DHCP (orodha ya anwani zinazogawiwa na mtandao). Mlango 3389, unaotumiwa kuingia kwenye Windows kutoka mbali, usiufungue kwa intaneti, aliye nje apitie VPN (njia ya siri ya kuingia mtandao wa ofisi).

7. UPS (betri ya akiba) iunganishwe na seva kwa USB, izime mashine taratibu stima ikipotea. Usinunue betri za saa nyingi: UPS haibebi kiyoyozi, na chumba kilichofungwa wakati wa kaskazi (msimu wa joto pwani) hugeuka tanuri upesi. Dakika 15 zatosha.