Kipindi cha mazoezi kwa wanafunzi 60, uwanja wa mchanga na filimbi moja

Nafundisha elimu ya michezo sekondari hapa Dar es Salaam. Ninachokitaka ni kimoja: kila mtoto ashindane na namba zake za wiki iliyopita, si na mwenzake.

Hatua ya 1: Jua afya zao. Wiki ya kwanza hatukimbii. Namwita mmoja mmoja pembeni, nauliza kuhusu pumu, moyo, selimundu. Hapa usiharakishe. Mwenye selimundu akikimbizwa juani mpaka aishiwe pumzi, bila maji, anaweza kupata maumivu makali ya kulazwa. Huyo atembee, apumzike anapotaka, chupa ya maji iwe mkononi. Mwenye pumu aje uwanjani na dawa yake ya kuvuta, asiiache kwenye begi darasani.

Uliza pia nani hajanywa chai. Msichana wa kidato cha pili aliwahi kudondoka mbele yangu, mzunguko wa tatu. Alitoka Mbagala saa kumi na moja alfajiri, daladala mbili, hajatia kitu mdomoni. Nilipaswa kuuliza kabla, sikuuliza. Sasa swali hilo linatangulia filimbi.

Hatua ya 2: Dai kipindi cha asubuhi. Kuanzia Desemba hadi Machi, jua la saa sita si la kukimbiza mtoto. Ratiba ikigoma, hamia chini ya mwarobaini, fanyeni mazoezi ya nguvu.

Hatua ya 3: Pasheni mwili dakika 10. Mchakamchaka unatosha, ila waimbe kweli. Anayeimba bila shida yuko kwenye mwendo mwepesi. Anayeweza kuongea lakini wimbo umemshinda, mwendo wa kati. Anayetoa neno mojamoja amefika kwenye mwendo mkali, mpunguzie.

Hatua ya 4: Vituo sita, watu kumi kumi, dakika nne kila kituo. Kuruka kamba, pushapu (za magoti ruksa), kuchuchumaa na kuinuka, kupanda na kushuka benchi, mbio za mita 20 kwenda na kurudi kati ya chupa zilizojazwa mchanga, na rede. Rede usiidharau. Wasichana wanaokwambia "mwalimu, mimi kukimbia siwezi" ndio hao hao utawaona wanakwepa mpira mpaka jasho linachuruzika.

Hatua ya 5: Hesabuni mapigo ya moyo. Vidole viwili, pembeni ya koo, chini ya taya. Kidole gumba kina mpigo wake, kitawachanganya. Filimbi, sekunde 15, filimbi, zidisha kwa 4. Kwa makadirio, kiwango cha juu cha mapigo ni 220 ukitoa umri, hivyo mwenye miaka 16 ni 204. Mazoezi ya kati hadi makali yatampa kati ya 31 na 40 kwa sekunde hizo 15. Uwanja mzima unanyamaza, midomo inahesabu. Kisha kila mmoja anaandika daftarini.

Na tafadhali, usimkimbize mwanafunzi kama adhabu ya kuchelewa. Utamfundisha kuyachukia mazoezi maisha yake yote.

Hatua ya 6: Kazi ya nyumbani. Shirika la Afya Duniani linashauri wastani wa dakika 60 kila siku kwa wenye miaka 5 hadi 17, na kipindi chetu ni kimoja kwa wiki. Kamba jioni, kubeba ndoo za maji, kutembea vituo viwili vya daladala, vyote vinaandikwa. Ijumaa nakusanya madaftari. Alama natoa kwa aliyejaza siku zake, hata kama pushapu zake ni nne.